Futi 6 au sentimita 90 kwa chaneli za bure?

Paa_la_Bati: Wakuu, nipo Dar, nataka chaneli za bure tu, malipo ya mwezi sitaki kuyasikia. Fundi mmoja kaniambia dishi la C-band la futi 6, mwingine anasema la Ku la sm 90 linatosha. Nani yuko sahihi? Uani nafasi ipo.

Ungo180: Mkuu, chagua setilaiti kwanza, ukubwa wa dishi utajijibu. C-band (masafa ya 3.4–4.2 GHz) humwagwa juu ya bara zima, inafika dhaifu, ndiyo sababu ya futi 6. Ku (masafa ya 10.7–12.75 GHz) hulengwa eneo maalumu, ukiwa ndani yake sm 90 inatosha, ukiwa nje hata dishi kubwa litakusumbua. Mfano Nilesat, nyuzi 7 magharibi: chaneli za bure tele, ila zimeelekezwa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Aliyeko Muscat anafaidi, wewe wa Dar utahangaika.

Kwa uani wako ningefunga C-band kwenye Intelsat 20, nyuzi 68.5 mashariki. Dar elekeza dishi nyuzi 78 za dira, mwinuko nyuzi 55. Nairobi ni 88 na 53. Na kama shida yako ni chaneli za nyumbani pekee, achana na dishi. Antena ya UHF na king'amuzi cha DVB-T2 (cha matangazo ya dijitali ya minara ya ardhini) vinamaliza kazi.

Masika: Naongezea mvua. Ikinyesha ya nguvu Ku inakata, C-band inaendelea. Adui wa C-band ni mnara wa 5G wa 3.3–3.8 GHz ulio jirani: kwenye risiva nguvu inasoma juu, ubora sifuri. Dawa ni chujio la 3.7–4.2 GHz, nalo linakaa MBELE ya LNB (kile kichwa kinachopokea mawimbi kutoka kwenye dishi). Ukilifunga kwenye waya halisaidii, maana LNB yenyewe imeshalemewa. Jua pia kwamba chaneli za chini ya 3.7 utazipoteza.

Nyuzi76: Hapa ndipo wengi wanapokwama: mzunguko wa LNB. Vijitabu vya Ulaya vinaonyesha LNB imesimama wima. Sisi tuko karibu na ikweta, setilaiti ikiwa mbali mashariki au magharibi LNB inalazwa karibu ubavu. Kwa 68.5 ukiwa Dar ni kama nyuzi 76. Nairobi inakaribia 90. Ukiiacha wima, H na V (mawimbi ya mlalo na ya wima) zinabadilishana na risiva inasaka bila kupata kitu. Izungushe taratibu ukitazama UBORA, siyo nguvu. Nguvu inapanda hata dishi likitazama mwembe.

Ungo180: Kweli kabisa. Pia pima kitovu (umbali kutoka katikati ya dishi hadi LNB), usikisie. Kipenyo mara kipenyo, gawa kwa kina mara 16. Dishi la sm 180 lenye kina cha sm 30: 32,400 ÷ 480 = sm 67.5, ndipo mdomo wa LNB unapokaa. Gawa 67.5 kwa 180 upate 0.375, ile pete ya LNB iweke alama ya 0.38. Kosea sm 3 uone chaneli dhaifu zinavyopotea.

Paa_la_Bati: Asanteni sana. Baadaye nikiongeza Ku, nitahitaji risiva ya pili?

Nyuzi76: Hapana. Swichi ya DiSEqC ya njia 4 inaunganisha LNB kadhaa kwenye risiva moja. C-band njia ya 1, LO (masafa ya ndani ya LNB, unayaweka kwenye risiva) 5150, toni ya 22 kHz (ishara ya risiva ya kubadili masafa ya LNB) zima. Ku njia ya 2, LNB ya universal, 9750/10600, toni iache otomatiki. Tumia waya wa RG6 wenye kiini cha shaba tupu, kwa sababu ile ya chuma iliyopakwa shaba ikiwa ndefu inashusha volti: 18 ya H inafika pungufu, LNB inabaki kwenye V, nusu ya chaneli hazionekani. Zima risiva kabla ya kugusa waya. Unyuzi mmoja wa wavu ukigusa kiini unaweza kuunguza sehemu inayolisha LNB.

Masika: Na swichi ifichwe nyuma ya dishi, mdomo ukitazama chini.