Naomba ushauri: kompyuta inaongeza madeni ya wateja

Mwanakisauni:
Assalamu alaykum. Nasoma kozi ya mtandaoni ya hifadhidata na uandishi wa programu kwa wanaoanza. Masomo ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, nimeyamaliza na mazoezi yake yote niliyapata, lakini nimekwama kwenye kazi halisi. Shangazi yangu ana duka la leso Barabara ya Biashara, na wateja wake wengi huchukua mali kwa mkopo wakalipa kidogo kidogo. Nimetengeneza jedwali la wateja, la mauzo na la malipo, nikayaunganisha yote matatu kwa JOIN, kisha nikajumlisha kwa SUM. Mteja mmoja alichukua leso za shilingi 1,200, baadaye za 800, akalipa 500 mara tatu. Daftari linaonyesha anadaiwa 500, ilhali kompyuta inatoa 3,000. Je, nirudie kozi tangu mwanzo, au niendelee na Python, lugha ya kuandika programu, ambayo ndiyo sehemu inayofuata?

Fundi wa Tudor:
Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Usirudie kozi. Iondoe SUM kwanza, uzitazame safu zenyewe (mistari ya jedwali) zilivyotoka, nawe utaona kwamba mauzo mawili yakikutana na malipo matatu ya mteja yuleyule hutoa safu sita, kwa kuwa kila uuzaji huambatanishwa na kila malipo. Hapo mauzo huhesabiwa mara tatu yakafika 6,000, malipo mara mbili yakafika 3,000, na tofauti yake ndiyo hiyo inayokusumbua. Jumlisha mauzo ya kila mteja peke yake, malipo nayo peke yake, ndipo uziunganishe jumla hizo mbili na jedwali la wateja. Nasikitika kwamba mazoezi mengi ya wanaoanza hutumia majedwali yaliyopangwa vizuri mno, hivyo mwanafunzi humaliza bila kukutana na jambo hili, ambalo kazini halikosekani.

Bi Likoni:
Nakubaliana na Fundi, ila Python usiiache ingoje. Tumia SQLite, programu ya hifadhidata ambayo imekuwapo tangu mwaka 2000: hifadhidata nzima hukaa katika faili moja, haihitaji seva, na unaweza kufanya kazi hata bando likiisha. Python huja na moduli ya sqlite3 ndani yake, kwa hiyo utaandika SQL ileile huku ukijifunza lugha mpya. Na tafadhali, mwanangu, unapoomba msaada mtandaoni usipandishe majina wala namba za simu za wateja wa shangazi yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inalinda taarifa hizo, na hata isingekuwapo, deni la mtu ni siri yake.

Mwanakisauni:
Shukrani sana. Nimejumlisha kando kando na 500 imetoka. Sasa wateja ambao hawajalipa chochote hawaonekani kabisa, nao ndio shangazi anaowatafuta.

Fundi wa Tudor:
JOIN ya kawaida huwaacha wasio na safu upande wa pili. Anza na jedwali la wateja, utumie LEFT JOIN, inayowabakiza wote wa jedwali la kwanza, kwa jumla zote mbili. Malipo yao yatatokea kama NULL, yaani pasipo na thamani, na ukitoa NULL katika namba yoyote jibu huwa NULL, kwa hiyo andika COALESCE(malipo, 0), inayoweka 0 mahali pa NULL, kabla ya kutoa.