Ukomo wa idadi ya nyumba mtaani: mamlaka ni ya mkoa au ya halmashauri?

Mkazi wa Ilemela
Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Mtaani kwetu hapa Mwanza viwanja vilipimwa kwa ujazo mdogo (yaani viwanja vikubwa, kaya chache), na kila kimoja kina nyumba ya familia moja na shimo lake la maji taka. Sasa jirani anakusudia kujenga ghorofa la wapangaji, na baadhi yetu wanashauri tuandike barua mkoani ili lizuiwe. Je, mkoa una mamlaka hayo? Sikatai kwamba nyumba zinahitajika, ila masika mtaro wetu hufurika hata kabla ya kuongezeka kaya moja.

Afisa Mipango mstaafu
Ndugu, anzeni na halmashauri. Kwa Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, mamlaka ya upangaji ni halmashauri, iwe ya jiji, manispaa, mji au wilaya. Mkoa si mamlaka ya upangaji, na michoro ya mipangomiji (ramani zinazoonyesha matumizi ya kila kiwanja) huidhinishwa na wizara ya ardhi. Ombeni kuuona mchoro wa mtaa wenu. Ikiwa kiwanja kilitengwa kwa nyumba ya familia moja, mwenye nacho hana budi kuomba mabadiliko kabla ya kupata kibali cha ujenzi, nanyi mnaweza kuweka pingamizi. Msiende na hoja kwamba hamtaki wapangaji, maana hiyo si haki, nendeni na hoja ya mtaro, shimo na upana wa barabara.

Mama wa Mabatini
Huku mlimani watu walijenga juu ya majabali kwa sababu viwanja vilivyopimwa hawakuvimudu, na hivyo vya ujazo mdogo ndivyo vinavyomeza ardhi kubwa kwa kaya chache. Choo kikijaa, gari la kunyonya halifiki. Mvua ikinyesha, uchafu hutiririka kati ya mawe hadi Mto Mirongo, kisha ziwani. Mamlaka ya maji ilipotandaza mabomba madogo ya maji taka katika baadhi ya mitaa ya milimani, nafuu ilipatikana ingawa nyumba zimebanana vilevile. Kabla ya kupinga ghorofa, ulizeni kama bomba linaweza kufika kwenu.

Mkazi wa Ilemela
Nashukuru, mama. Tutaomba mchoro, na katika barua tutapendekeza kibali kitolewe kwa sharti la kuunganishwa na bomba na kupanuliwa kwa mtaro.