MREJESHO: Sanduku la chatu wetu, Kisesa

Wakuu, niliuliza tumweke wapi chatu wa kikundi chetu cha ngoma, maana akwariamu ya kioo ya saizi yake bei haishikiki. (Kibali cha kumfuga kipo, msianze tena.)

Tumeangukia plaiwudi. Fundi wa Nyakato katengeneza sanduku la futi 4 kwa 2, mlango wa vioo vya kusukuma, na kile kikufuli cha meno cha kabati za dukani. Matundu ya hewa kayatoboa kwa drili. Wavu tuliukataa, chatu husugua pua hapo mpaka kidonda. Harufu ya vanishi tuliiacha iishe kabisa ndipo akaingia.

Balbu iko upande mmoja tu, ndani ya kizimba cha waya asije akaizunguka akaungua. Huko joto ni nyuzi 32, upande wa pili 26. Kidhibiti joto kimekula hela kuliko mbao, lakini aliyesema tukiruke, hapana mkuu. Chini ni magazeti, beseni la maji, na vipande vya chungu vya kujificha pande zote mbili.

Kimebaki kitu kimoja: umeme ukikatika usiku mnafanyaje?