Tupeane uzoefu: Kijana yuko sekondari Marekani, anataka West Point au Annapolis. Aanzie wapi?

Mwanzisha uzi

Wakuu, humu tupo wazazi wengi wa Columbus, Dallas, Minneapolis na kwingineko ambao vijana wameanza kuulizia vyuo vya maafisa wa jeshi. Ada hakuna, na karibu vyote hutoa posho kila mwezi. Baada ya miaka minne anatoka na digrii pamoja na cheo cha afisa, kisha anadaiwa angalau miaka 5 ya utumishi. Tuweke hapa utaratibu tu. Habari za mtoto wa fulani aliyekosa tuziache huko harusini.

Vyuo ni vitano: West Point (nchi kavu), Annapolis (wanamaji), Colorado Springs (anga), New London (walinzi wa pwani) na Kings Point (meli za biashara). Vyote vinadai uteuzi wa mwanasiasa isipokuwa New London. Kijana awe raia, awe ametimiza miaka 17 ifikapo 1 Julai ya mwaka wa kuingia, asiwe na ndoa wala mtoto anayemtegemea.

Karani wa Makaratasi

Hapo kwenye uraia ndipo watu wetu wanapokwama, tena wanagundua wakiwa darasa la 12. Grini kadi haitoshi.

Mzazi akiapishwa kuwa raia, mtoto mwenye grini kadi ambaye hajatimiza miaka 18, na anaishi Marekani chini ya malezi halali ya mzazi huyo, anakuwa raia papo hapo kwa sheria ya mwaka 2000. Haapi, hafanyi mtihani. Lakini sharti awe na karatasi ya kuonyesha: pasipoti ya Marekani, au cheti kinachoombwa kwa fomu N-600. Pasipoti ni nafuu na huja haraka zaidi.

Sasa tazama mtego. Mtoto akitimiza 18 leo, mzazi akaapa kesho, mtoto hakupata kitu. Itabidi ajaze N-400 (fomu ya kuomba uraia) yake mwenyewe, na hiyo inaweza kuvuka 1 Julai. Kwa hiyo mzazi mwenye kijana wa darasa la 9, ukishatimiza miaka yako mitano ya grini kadi usiahirishe ombi la uraia. Waliokuja kama wakimbizi, grini kadi yao huhesabiwa kuanzia siku waliyoingia nchini, si siku ilipotolewa. Wengi hungoja bure kwa kutojua hilo.

Kagueni pia majina na tarehe. Familia nyingi zilizotoka kambini zimeandikwa 1 Januari kwa kila mtu. Si kosa, ila tarehe ya shule, ya pasipoti na ya hospitali ziwe moja.

Mwalimu wa Zamu

Masomo: miaka minne ya Kiingereza, minne ya hesabu, kemia na fizikia zenye maabara, miaka miwili ya lugha ya kigeni, na historia ya Marekani. West Point hupima mwombaji kwa mafungu: masomo asilimia 60, uongozi 30, mwili 10. Kwa hiyo msidanganywe na pushapu.

Hesabu zinapangwa mapema. Anayesoma Aljebra ya Kwanza darasa la 9 atafuata na jiometri, kisha Aljebra ya Pili, na darasa la 12 ndiyo anafika prikalkulasi. Kalkulasi ataikosa. Dawa yake ni kusoma jiometri na Aljebra ya Pili kwa pamoja darasa la 10, au kumaliza moja wakati wa likizo. Mshauri wa shule hawezi kulisema hilo kama hujauliza.

SAT au ACT (mitihani ya kuombea vyuo) ifanywe mara ya kwanza katikati ya darasa la 11, ibaki nafasi ya kurudia. Maombi ya kambi za majira ya joto za vyuo hivi hufunguliwa majira ya baridi ya mwaka huohuo.

Mdau wa Uteuzi

Uteuzi unaombwa kwa maseneta wote wawili wa jimbo lako na mbunge wa wilaya yako. Mwombe na Makamu wa Rais, ingawa yeye anapokea maombi ya nchi nzima, kwa hiyo ombi hilo msilitegemee. Omba kote, kwa sababu kila mmoja wao anaruhusiwa kuwa na wanafunzi 5 tu kwa wakati mmoja katika kila kimojawapo cha vyuo vya nchi kavu, maji na anga. Nafasi zikijaa, mwaka huo hana cha kukupa.

Ofisi hizo zina tarehe zao, nyingi kati ya Septemba na Novemba ya darasa la 12. Chuo chenyewe kinaweza kufunga 31 Januari, na hiyo ndiyo inayowapoteza watu: wanaiona ya chuo, ya mbunge inapita. Kwenye usaili swali halikosi: kwa nini uafisa, kwa nini chuo hiki, na ukikosa utafanya nini. Anayejibu "chuo ni bure" amejimaliza.

Uongozi si unahodha wa timu peke yake. Kijana anayefanya kazi saa 15 kwa wiki na kulea wadogo zake aandike, kwa saa na majukumu.

Kocha Mstaafu

Mtihani wa mwili wa West Point na Annapolis una vituo sita mfululizo: kurusha mpira wa kikapu ukiwa umepiga magoti, kujivuta kwenye chuma, mbio za kwenda na kurudi, kukunja tumbo dakika moja, pushapu dakika moja, kisha maili moja. Alama za juu kabisa kwa wavulana ni futi 102, kujivuta mara 18, sekunde 7.8, mikunjo 95, pushapu 75 na maili kwa 5:20. Kwa wasichana ni futi 66, mara 7, sekunde 8.6, mikunjo 95, pushapu 50 na maili kwa 6:00.

Wanaoangushwa wengi huangushwa na mpira. Wanafanya mazoezi wamesimama; ukipiga magoti miguu haisaidii, nguvu yote ni ya kiuno na bega. Fanya mara mbili kwa wiki, mirusho 10 hadi 15. Ukizidisha bega linauma.

Maili ifanyiwe mazoezi baada ya pushapu, mwili ukiwa umechoka, maana ndivyo itakavyokuwa.

Nesi wa Usiku

Afya inapitiwa na DoDMERB, bodi ya Wizara ya Ulinzi inayokagua afya za waombaji. Pumu iliyoonekana baada ya kutimiza miaka 13 inakuondoa, na mara nyingine ni daktari aliyeandika "pumu" kwa kikohozi cha wiki mbili. Omba nakala ya faili mapema, kama kuna kosa lirekebishwe na daktari huyohuyo. Usifiche, kudanganya ni kosa kubwa kuliko ugonjwa.

Kwa watoto wetu kuna TB iliyolala. Chanjo ya BCG inaweza kufanya kipimo cha ngozi kivimbe. Omba cha damu, hicho hakidanganywi na BCG. Kama ipo kweli, amalize dawa na atunze barua ya kumaliza.

Ukikataliwa kwa afya, msamaha wa sharti hilo unatolewa na chuo, si DoDMERB. Msipoteze muda kuwapigia simu.

Msomaji wa Nakuru

Na sisi tulio nyumbani, tusio raia wa huko?

Mdau wa Uteuzi

Mkuu, njia ipo lakini si hii. Nafasi za kigeni ni 60 kwa kila kimojawapo cha vyuo vya nchi kavu, maji na anga, kwa miaka yote minne. Kijana anapendekezwa na serikali yake kupitia ubalozi wa Marekani, na akimaliza anarudi kutumikia jeshi la kwao.