Peking na Beijing: je, mji ulibadilishwa jina?

Mpenda Ramani anauliza:
Ramani za zamani za Kiingereza huuita mji mkuu wa China Peking, ilhali za siku hizi huuita Beijing. Je, mji ulibadilishwa jina, au ni tahajia tu iliyobadilika? Aidha, watangazaji wengi wa Kiingereza hulitamka jina hilo kwa j laini ya Kifaransa, kama ya "bonjour". Je, Wachina nao hutamka hivyo?

Mwanaisimu anajibu:
Jina ni lile lile, na maana yake ni "mji mkuu wa kaskazini", kama vile Nanjing ni "mji mkuu wa kusini". Umbo la Peking limehifadhi matamshi ya kale, ya kabla sauti k inayofuatwa na irabu i haijageuka, katika Kichina cha kaskazini, kuwa sauti inayokaribia j. Mageuzi hayo hayakukifikia Kikantoni, Kichina cha kusini, ambacho wasemaji wake hadi leo husema Bak-ging. Ama kuhusu P na B, sauti yenyewe haikubadilika: konsonanti hiyo ya Kichina haina mghuno (mtetemo wa kooni) wa b yetu wala pumzi nyingi ya p ya Kiingereza, hivyo kila mfumo wa kuandika uliichagulia herufi yake. Mfumo wa pinyin, wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini, ulioidhinishwa mwaka 1958, ndio unaoandika Beijing, na China ilianza kuutumia katika machapisho yake ya lugha za kigeni mwaka 1979.

Hiyo j laini ni kosa. Nadhani Waingereza hudhani kila jina geni sharti lisikike Kifaransa! Msemaji wa Kiswahili akitamka "ji" kama alivyozoea, atakuwa karibu zaidi na Wachina.

Mfuatilia Historia anajibu:
Naongeza kwamba mji huo uliwahi kubadilishwa jina kweli, ila si mwaka 1979. Mwaka 1928, makao ya serikali yakiwa Nanjing, uliitwa Beiping, yaani "amani ya kaskazini", kwa kuwa haukuwa tena mji mkuu. Jina la awali lilirudishwa mwaka 1949.

Mpenda Ramani:
Nashukuru. Basi Peking haipaswi kusahihishwa kila inapoonekana?

Mwanaisimu:
La, haipaswi. Chuo kikuu mashuhuri cha mji huo bado hujiita Peking kwa Kiingereza, Wafaransa huandika Pékin, na msimbo wa uwanja wake mkuu wa ndege ungali PEK.