Gari ina nembo ya ndege mbele, hiyo kampuni gani?

Kijana_wa_Chikongola:
Wakuu habari za jioni, nipo Mtwara mjini nina mwezi wa pili tu kwenye duka la spea na hizi nembo za magari zinanichanganya kwelikweli. Juzi kaja dereva anataka shokapu za mbele, anasema gari yake "ile ya ndege", natoka nje kucheki kweli mbele kuna ndege, yule wa manyoya si wa abiria, nikapiga simu Kariakoo nikaelezea hivyohivyo, mzigo ukaja na basi, kufunga hazikai. Nauli ya mzigo imenitoka mimi na mteja kanuna. Nyie mnazitambuaje?

Fundi Mikindani:
Pole mdogo wangu. Hiyo ni Harrier, Toyota hiyohiyo. Toyota nembo yake ni yale mayai matatu yaliyopishana, ipo tangu 1989, ila kuna gari zake mbele zinavaa nembo ya peke yake: Crown ina taji, Alphard ina herufi kama a, Harrier ndo ndege. Sasa shida yako haikua nembo, ndege yupo kwenye old model, yaani Harrier ya toleo la kwanza, na yupo kwenye tako la nyani pia, ndo wanavyoita ya toleo la pili, na shokapu zao haziingiliani. Omba kadi ya gari usome namba ya chesesi, ikianza ACU10 au MCU10 ni old model, ACU30 au MCU30 ndo tako la nyani. Na ukikuta Harrier ina L ya Lexus usishtuke, hizo mbili nje ya Japani ziliuzwa kwa jina la Lexus RX kwahiyo watu wanabandika.

Mama Ng'apa:
Mwanangu mie ni mwalimu hapa Lindi, ile Subaru yenye nyota sita, moja kubwa tano ndogo, Subaru kwa Kijapani ni Kilimia! Kilimia hichihichi wazee wetu walichokua wanakitazama kujua msimu wa kulima, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Wanafunzi nikiwaambia hivyo hawaisahau tena hiyo nembo. Mitsubishi nayo jina linabeba almasi tatu, zihesabu.

Dereva_Masasi:
Za malori je? Msimu wa korosho yamejaa njia ya bandarini. Yule mnyama mwenye taji wengi wanasema jogoo, si jogoo, ni Scania, kiumbe cha hadithi nusu tai nusu simba, kimetoka kwenye ngao ya jimbo la Skåne huko Sweden. Duara lenye mshale ni Volvo, alama ya zamani ya chuma.

Kijana_wa_Chikongola:
Ahsanteni sana, fundi shikamoo. Nimempigia mteja kanisomea kadi, ACU30, mie nililetewa za ACU10. Naagiza leoleo, na mama hiyo ya Kilimia namsimulia bosi asubuhi.

Fundi Mikindani:
Marahaba. Zikija nipigie picha ya boksi kabla hujamkabidhi.