Shamba la zabibu la mzee Dodoma: ning'oe Makutupora nipande nyeupe, au niache?

Mgogo_wa_Mpunguzi
Habari wakuu, naombeni mawazo maana hapa nyumbani tumegawanyika vibaya. Mzee alituachia heka moja na nusu ya zabibu nyekundu, Makutupora, huku Mpunguzi. Ni mizabibu ya zamani, alianza nayo enzi za DOWICO, ile kampuni ya mvinyo ya Dodoma, na mpaka leo inazaa misimu miwili kwa mwaka kama kawaida ya Dodoma. Sasa mnunuzi wetu (simtaji) kaja juzi anasema msimu ujao nyekundu hachukui, anataka chenin blanc tu, ile zabibu nyeupe, na zabibu zenyewe hazitaki, anataka mchuzi wa zabibu zilizokamuliwa, unamiminwa kwenye tenki unaenda Dar unachanganywa hukohuko na chupa ikitoka hakuna hata pa kusoma Mpunguzi.

Bro anasema ng'oa yote tupande anachotaka mwenye hela. Mama hataki hata kusikia, anasema hiyo ndo iliyotusomesha na nusu ya majirani hapa walichukua vipando kwa mzee bure. Mi niko katikati. Zabibu ukishakata haikusubiri, msimu uliopita makreti yalibaki kwenye turubai yanavuja maji, nyuki wamejaa, sisi tunabembeleza madalali. Hii habari ya kutunza asili ni biashara kweli au ni hisia tu?

Kilo_ni_Kilo
Ng'oa mkuu. Ada ya shule hailipwi kwa kumbukumbu. Halafu asili gani? Zabibu hapa Dodoma tumeletewa na wamisionari karne iliyopita tu, babu zetu Wagogo walikuwa wanakunywa pombe ya mtama, leo mnaita zabibu urithi.

Mswahili_Torino
@Kilo ukisema hivyo hata mahindi sio yetu.

Mleta mada, mi naishi Italia kaskazini, sio mbali na vilima vya Langhe wanakotengeneza mvinyo mwekundu wa Barolo, na kesi kama yako hapa ni maarufu sana. Miaka ya 80 mwanzoni mvinyo wao ulikuwa hauna hela, wakulima wamechoka. Kijana mmoja anaitwa Elio Altare akaenda Ufaransa, Burgundy, akakuta wenzake wanaishi vizuri, karudi na 1983 akachukua chensoo akayakatakata yale mapipa makubwa ya kizamani ya baba yake, akaleta mapipa madogo mapya ya Kifaransa yanayoupa mvinyo ladha waliyokuwa wanaipenda wateja wa nje. Mzee akamnyima urithi! Ila kibiashara dogo alipatia, Marekani walinunua sana. Upande wa pili kulikuwa na Bartolo Mascarello, yeye akagoma kabisa na akawa anachora lebo kwa mkono za kuyapinga yale mapipa madogo pamoja na yule mwanasiasa Berlusconi, lebo moja. Leo chupa za familia yake ni ghali balaa, na wengi waliokimbilia mapipa madogo wamerudi kwenye makubwa.

Sasa usije ukachukua hii kama ushindi wa wazee. Angalia kitu kimoja, Altare na Mascarello walikuwa wanabishana wakati kila mmoja jina lake liko kwenye chupa. Wewe unaambiwa uchague rangi ya mchuzi wa kuweka kwenye tenki la mtu. Hata ukipanda nyeupe bei anapanga yeye, na akibadili mawazo tena?

Dada_wa_Makole
Hapo kwenye kubadili mawazo ndipo penyewe. Mche mpya ni kama miaka miwili mitatu ndo unakaa sawa, hiyo miaka mnakula nini? Waulize watu wa Georgia, ile nchi ya Caucasus. Usovieti iliwasukuma kwenye aina chache zinazozaa sana wakati wao wana aina zaidi ya 500, wakabaki wanategemea soko la Urusi, 2006 Urusi ikapiga marufuku mvinyo wao na haikufungua mpaka 2013. Hapo ndo wengi wakakumbuka ile mitungi ya udongo inayozikwa ardhini, qvevri, UNESCO wakaiorodhesha mwaka huohuo wa 2013. Ila tusidanganyane, mitungi ni sehemu ndogo tu ya wanachouza nje na Urusi karudi kuwa mteja mkubwa kuliko wote. Kwahiyo asili imewapa jina, hela nyingi bado inatoka kulekule.

Kwako mi ningefanya hivi, ng'oa pale mizabibu ilipochoka tu, labda nusu heka, uweke nyeupe. Nyekundu iliyobaki tafuta kisindikaji kidogo hapahapa Dodoma akusindikie kwa lebo yenu, ila TBS (shirika la viwango) na vibali vingine msivikwepe. Mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 ushuru wake wa bidhaa uko chini kuliko wa kutoka nje, hiyo ni nafuu mnayo tayari. Pia kuna divai ya misa, sheria ya Kanisa kanuni ya 924 inataka iwe ya zabibu halisi na isiyoharibika, sio hizi za kuchanganya spiriti na rangi. Vipando safi wafuate TARI Makutupora, kituo cha utafiti wa kilimo.

Mgogo_wa_Mpunguzi
Nusu heka naona hata mama atakubali, upande wa korongoni imeshazeeka na ubwiri (ugonjwa wa ukungu) kila msimu. Asante sana dada.

Dada_wa_Makole
Sawa, ila kabla hujagusa hata shina moja mwambie huyo mnunuzi aandike mkataba wa hiyo nyeupe, kilo ngapi, bei gani, miaka mingapi, asaini.

Kilo_ni_Kilo
Kwenye mkataba naungana na dada. Na divai ya misa usikopeshe bro, parokia zinalipa polepole mno.